None si sifuri: kutangaza vigeu na kuuliza kama kitu kipo katika skripti za NVDA

Mama yule alikuwa ametoka Idjwi na mashua ya asubuhi, na gunia lake la kahawa ya parche lilikuwa la tatu kwenye foleni. Mwenzangu akaliweka juu ya mizani, programu ikapokea uzito, nami nikabonyeza kitufe changu ili kisoma skrini kinisomee namba. Sikioni nikasikia arobaini na tatu. Nikaitaja kwa sauti ili kila mtu asikie. Mama akaja hadi mbele ya meza yangu.

"Mizani yenu imeonyesha makumi tatu na ine," akasema. "Sasa weye unasema makumi ine na tatu. Hizo kilo zingine ni za nani?"

Zilikuwa za gunia lililomtangulia. Skripti yangu ilishindwa kusoma uzito mpya, ikanyamaza juu ya kushindwa huko, halafu ikanipa namba ya zamani kana kwamba mambo yako sawa. Kosa lilimpa yeye kilo tisa za bure na bado alilikataa. Mimi sioni tangu utotoni, na kazi yangu kwenye depo hii ya Bukavu inategemea kwamba ninachosikia ndicho kilichopo. Tangu siku ile nimeandika upya skripti zangu zote, na hapa naeleza jinsi ninavyoziandika sasa, hasa kwa ajili ya vijana wasioona wa hapa kwetu wanaonipigia simu jioni kuuliza kwa nini NVDA yao, kisoma skrini cha Windows, imekaa kimya.

Mistari iliyonidanganya ni hii:

```
try:
	self.uzito = self.kidudeChaUzito.name
except:
	pass
ui.message(self.uzito)
```

Isome polepole. Asubuhi nilikuwa nimehifadhi kile kidude kinachoonyesha uzito ndani ya `self.kidudeChaUzito`. Kati ya gunia la pili na la tatu mwenzangu alibadilisha daraja la kahawa, na programu ikafunga dirisha la kupimia na kufungua jingine. Kidude changu kilikufa pamoja na dirisha la kwanza. Kukisoma kukaleta kosa, `except: pass` ikalizika kosa hilo bila neno, na mstari wa mwisho ukatangaza uzito ambao bado ulikuwa umelala ndani ya `self.uzito`. Mtu anayeona angetupia jicho skrini na kushtuka. Sisi tulicho nacho ni sauti tu, na sauti ilikuwa safi kabisa.

Kabla ya kuandika mstari wa kwanza

NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, baadaye James Teh akaungana naye, na hadi leo inatolewa bure na NV Access. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Python, na tangu toleo la 2019.3 ni Python 3. Ndiyo maana mfano wa zamani uliohifadhi kwenye flashi unaweza kukataa kufanya kazi hata ukiunakili herufi kwa herufi.

Fungua mipangilio ya NVDA, nenda kwenye kategoria ya mipangilio ya juu, ile ya watengenezaji. NVDA itakuonya, kubali. Washa chaguo la kupakia kodi yako kutoka folda ya scratchpad. Hapo hapo kuna kitufe cha kufungua folda hiyo, na ndani yake utakuta folda ya appModules. Washa pia mlio wa makosa, yaani NVDA ipige sauti kila kosa linapoandikwa kwenye logi. Chaguo hili usiliache. Kosa lisilo na mlio ndilo lililonikutanisha na mama wa Idjwi.

Sasa nenda kwenye programu unayotaka kuisaidia na ubonyeze NVDA+Control+F1. Itakutajia jina la faili la programu. Yangu inaitwa `pesage.exe`, kwa hiyo faili langu ndani ya appModules ni `pesage.py`. Kila ukibadilisha kitu na kuhifadhi, bonyeza NVDA+Control+F3 ili NVDA ipakie upya, bila kuizima.

Neno moja juu ya kibodi zetu za AZERTY, kwa sababu miongozo mingi huandikwa na watu wa QWERTY. Mstari wa chini, ule wa `script_` na `__init__`, uko kwenye kitufe cha 8 bila Shift. Alama ya nukuu iko kwenye 3, mabano ya kufungua kwenye 5. Nukta inataka Shift. Na Python inahesabu nafasi za mwanzo wa mstari, basi nenda kwenye mipangilio ya uumbizaji wa hati uiagize NVDA itaje nafasi hizo, kwa maneno au kwa toni. Mimi natumia toni: mstari ukiingia ndani zaidi, toni inapanda, na sikio linajua kabla ya akili. Tumia Tab moja kwa kila ngazi, usichanganye na nafasi.

Kigeu ni ahadi, itoe mapema

Python haikulazimishi kutangaza kigeu, yaani jina linaloshika thamani. Ukiandika `uzito = 34`, kigeu kimezaliwa. Hakuna aina unayotaja, hakuna orodha ya juu. Inaonekana kama zawadi, na kwa anayeona labda ni zawadi. Kwa anayesikiliza ni mtego, na nitaeleza kwa nini.

Andika `uzitoUliopita` mahali pamoja na `uzitouliopita` mahali pengine. Kwa Python hivyo ni vigeu viwili, maana herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Kwa sauti ya kisoma skrini ikikimbia kwa kasi tunayoipenda, ni neno lile lile. Niliwahi kukaa nusu siku nikisikiliza faili lenye mistari thelathini, kila mstari ukisikika sawasawa, na kigeu changu kikibaki tupu. Nilikipata nilipotembea kwa mshale, herufi moja moja.

Ndiyo maana sasa kila kigeu kinachoishi zaidi ya skripti moja nakitangaza juu ya klasi, hata kama Python haijaniomba:

```
class AppModule(appModuleHandler.AppModule):

	uzitoUliopita = None
	idadiYaMagunia = 0
```

Nikiwa na shaka juu ya tahajia, narudi juu, nanakili jina kutoka pale. Siandiki jina la kigeu kwa kumbukumbu mara mbili.

Angalia pia kwamba thamani za mwanzo si sawa, na tofauti hiyo ina maana. `idadiYaMagunia` inaanza na 0 kwa sababu asubuhi kabla ya kazi tumepokea magunia sifuri, na huo ni ukweli. `uzitoUliopita` unaanza na `None`, neno la Python la kusema hakuna kitu, kwa sababu hakuna gunia lililopita. Ningeuanza na 0 ningekuwa nimesema uongo: ningedai kuna gunia lilipimwa likawa na kilo sifuri. Kikapu kitupu ni kikapu. Kukosa kikapu ni jambo jingine.

Kigeu cha ndani ya funksheni huzaliwa na kufa humo humo, kwa hiyo hakina haja ya kutangazwa juu. Lakini jihadhari na hiki. Ukiweka kigeu nje ya klasi, juu ya faili, kisha ndani ya funksheni ukakisoma na baadaye ukakipa thamani mpya, Python itakihesabu kuwa kigeu cha ndani tangu mstari wa kwanza wa funksheni, na utapata `UnboundLocalError`. Kuna neno `global` la kutatua hilo. Mimi silitumii kwenye moduli za programu, natumia `self.` mbele ya jina, na jambo linakwisha.

Kijana mmoja wa Bagira ninayemfundisha alinisomea makosa mawili kwenye simu akidhani ni kosa moja. "Yaya, zote zinasema hakuna atributi." La kwanza lilikuwa `'AppModule' object has no attribute 'uzitoUliopita'`. La pili lilikuwa `'NoneType' object has no attribute 'name'`. Nilimwambia asikilize neno la kwanza ndani ya nukuu. Likiwa ni jina la klasi yako, umesahau kutangaza kigeu, au umekosea tahajia. Likiwa ni NoneType, jina lipo, ila ndani yake hakuna kitu. La kwanza utalitibu juu ya klasi. La pili utalitibu pale pale lilipotokea, na ndilo litakalokusumbua maisha yako yote.

Uliza kabla ya kushika

Kwenye programu yetu nusu ya sehemu za kujazia hazina lebo. Maneno yapo kwenye skrini, kushoto, lakini hayajaungwa na sehemu yake, kwa hiyo NVDA ikifika inasema tu kwamba hapa ni pa kuandika. Nilitaka skripti inisomee maneno ya jirani. Jaribio la kwanza la kila mtu huwa hivi:

```
@script(description="Soma lebo ya jirani", gesture="kb:NVDA+alt+l")
def script_somaLebo(self, gesture):
	kidude = api.getFocusObject()
	lebo = kidude.simplePrevious
	ui.message(lebo.name)
```

Inafanya kazi kwenye sehemu ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya kwanza inakufa, kwa sababu nyuma ya kidude cha kwanza hakuna kidude. `simplePrevious` ikikosa jirani haipigi kelele, inarudisha `None`. Kelele inapigwa mstari unaofuata, unapoiomba `None` jina lake.

Kwa nini `simplePrevious` na si `previous`? Kwa sababu kwenye programu za Windows za kawaida kila kidude kimevikwa dirisha lake, na `previous` inazunguka ndani ya vazi hilo. Ile yenye `simple` inafuata njia ile ile vidole vyako vinayofuata unapozunguka vitu kwa NVDA na namba 4 au 6 za pembeni. Ulichokikuta kwa vidole ndicho utakachokikuta kwa kodi.

Hivi ndivyo naandika sasa:

```
	lebo = kidude.simplePrevious
	if lebo is None:
		ui.message("Hakuna kitu kabla ya hapa")
		return
	jina = lebo.name
	if not jina or not jina.strip():
		ui.message("Kitu kipo, lakini hakina maneno")
		return
	ui.message(jina.strip())
```

Maswali ni mawili kwa sababu kukosa ni kwa namna mbili. Kitu kinaweza kutokuwepo. Au kitu kipo na jina lake ni `None`, au ni nafasi tupu tu. Ukiyachanganya majibu haya mawili utamnyima mtumiaji habari anayoihitaji: la kwanza linamwambia yuko mwanzo wa fomu, la pili linamwambia kuna picha au kitufe kisicho na jina. Na kila mlango wa kutokea useme kitu. `return` tupu, bila `ui.message`, kwetu sisi ni sawa na skripti iliyoganda.

Utaona pia nimetumia `is None` mara moja na `not` mara ya pili. Tofauti yake iliniuma kwenye mizani. `not` inakubali mambo mengi kuwa ni utupu: `None`, maandishi yasiyo na herufi, orodha tupu, na pia 0. Kwa maandishi hilo ndilo ninalotaka. Kwa namba ni hatari. Niliwahi kuandika:

```
if not uzito:
	ui.message("Mizani haijatuma namba")
```

Mizani ikiwa tupu inaonyesha 0, na hilo ni jibu zuri. Linaniambia mizani imerudi mahali pake na gunia lijalo lipandishwe. Skripti yangu ikaita jibu hilo ukimya. Tukainamia waya wa mizani mimi na mwenzangu, tukaichomoa na kuichomeka, kumbe waya haukuwa na neno. Kwa namba, uliza `is None` peke yake.

Na usifunge vitu kwa mnyororo. `dirisha.firstChild.next.next.name` ni kama kupanda ngazi za Kadutu usiku baada ya mvua ukidhani kila jiwe liko ulipoliacha. Hatua yoyote kati ya hizo inaweza kuwa `None`, na kosa litakuambia tu kwamba umeanguka, halitakuambia jiwe lipi. Mbaya zaidi ni siku mtengenezaji anapoongeza kitufe kimoja katikati: mnyororo haukatiki, unakupeleka kwa jirani asiye sahihi, na unasomewa namba ya simu badala ya kilo. Vunja mnyororo, kila hatua na kigeu chake, kila kigeu na swali lake. Au tafuta kitu kwa alama yake mwenyewe:

```
def tafutaUzito(self):
	dirisha = api.getForegroundObject()
	if dirisha is None:
		return None
	for kidude in dirisha.recursiveDescendants:
		if kidude.windowControlID == ID_UZITO:
			return kidude
	return None
```

`ID_UZITO` ni namba niliyoipata kwa kusimama juu ya kile kidude na kubonyeza NVDA+F1. Logi inafunguka na kueleza kila kitu juu yake, pamoja na windowControlID. Kama namba hiyo inabadilika kila ukifungua programu, haifai kuwa alama, tafuta nyingine. Nimeiandika juu ya faili, `ID_UZITO = 1043`, kwa herufi kubwa ili nijue haibadilishwi. Kwenye dirisha lenye vitu vingi sana msako huu utachelewa kidogo. Letu ni dogo.

Ule `return None` wa mwisho Python ingeuweka yenyewe, maana funksheni isiyorudisha kitu hurudisha `None`. Nauandika hata hivyo, ili anayesikiliza faili baadaye ajue kwamba kukosa ni jibu nililolitarajia.

Jambo la kupita haraka: si kila kukosa kunakuja kama `None`. `windowUtils.findDescendantWindow` ikikosa dirisha inarusha `LookupError`. Na kwenye visanduku vya kawaida vya kuandikia vya Windows, `value` huweza kuwa `None` hata kisanduku kikiwa kimejaa. Maandishi yake yachukue kwa `makeTextInfo`.

Kitu kilichokufa

Sasa turudi kwa gunia la tatu, kwa sababu `is None` isingeniokoa siku ile. Kigeu changu hakikuwa `None`. Kilikuwa kimeshika kidude, ila kidude chenyewe kilikuwa kimeondoka duniani pamoja na dirisha lake. Ukikiuliza kitu cha namna hiyo jina lake, mara nyingine unapata `None`, mara nyingine unapata `COMError`. Ni kama kuwa na namba ya simu ya mtu aliyehama: namba unayo, mtu humpati.

Dawa ni kutohifadhi vitu. Hifadhi maandishi, hifadhi namba. Kitu chenyewe kitafute upya kila mara unapokihitaji. Na ukitumia `try`, taja kosa unalolijua kwa jina lake, kisha useme limetokea:

```
@script(description="Soma uzito wa gunia", gesture="kb:NVDA+alt+k")
def script_somaUzito(self, gesture):
	try:
		kidude = self.tafutaUzito()
		maandishi = kidude.name if kidude is not None else None
	except COMError:
		ui.message("Dirisha limefungwa, bonyeza tena")
		return
	if kidude is None:
		ui.message("Uzito haupo kwenye dirisha hili")
		return
	if not maandishi or not maandishi.strip():
		ui.message("Mizani haijatuma namba")
		return
	try:
		uzito = float(maandishi.replace(",", "."))
	except ValueError:
		ui.message("Hii si namba: " + maandishi)
		return
	if self.uzitoUliopita is not None and uzito == self.uzitoUliopita:
		ui.message("Angalia, ni sawa na gunia lililopita")
	self.uzitoUliopita = uzito
	ui.message(maandishi.strip() + " kilo")
```

Juu ya faili usisahau `import api`, `import appModuleHandler`, `import ui`, `from comtypes import COMError` na `from scriptHandler import script`. Ile `replace` ipo kwa sababu kompyuta zetu zimewekwa Kifaransa na mizani inaandika 34,5 kwa mkato, wakati `float` inataka nukta. Onyo la uzito uliojirudia linaweza kukuchosha ukibonyeza mara mbili kwa gunia moja. Nimeliacha kwa makusudi.

Sehemu nyingine ninayoiogopa ni matukio, yaani kodi inayojiendesha yenyewe bila kitufe changu. Skripti ya kitufe ikifa, unakosa jibu moja. Lakini ukiandika `event_gainFocus` na kosa la `None` likatokea kabla ya `nextHandler()`, mstari unaoirudishia NVDA kazi yake, NVDA haitatangaza kidude ulichofika, na mtu atabaki anabonyeza Tab kwenye giza:

```
def event_gainFocus(self, obj, nextHandler):
	if not obj.name:
		lebo = obj.simplePrevious
		if lebo is not None and lebo.name:
			obj.name = lebo.name
	nextHandler()
```

Hapa hakuna `return` katikati, na ni kwa sababu hiyo. Njia zote lazima zifike kwenye `nextHandler()`.

Kwa anayetumia JAWS

Baadhi yenu ofisini mna JAWS, kisoma skrini kingine. Mimi nilijifunza lugha ya skripti zake kwa dakika 40 kila mara, muda inaokupa bila leseni kabla ya kukutaka uwashe kompyuta upya; nilikuwa naandika kwenye Notepad kwanza, halafu naifungua ili kujaribu. JAWS ilianza kwenye DOS mwaka 1989, kazi ya Ted Henter na kampuni yake Henter-Joyce, na herufi hj bado ziko mwanzoni mwa majina ya mafaili kama `hjconst.jsh`.

Kule kutangaza ni lazima, na aina unaitaja: `int`, `string`, `handle`, `object`. Usipotangaza, faili halikusanywi, yaani haligeuzwi kuwa faili ambalo JAWS inaweza kuliendesha. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti, na nakiri kwa sikio la asiyeona huo ni wema mkubwa. Kitu kisichokuwepo unakiuliza kwa alama ya mshangao. Huu unasoma komenti ya seli ya Excel, na seli nyingi hazina komenti:

```
Script SomaKomenti ()
Var
	object oExcel,
	object oSeli,
	object oKomenti
Let oExcel = GetObject ("Excel.Application")
If !oExcel Then
	SayString ("Excel haijapatikana")
	Return
EndIf
Let oSeli = oExcel.ActiveCell
If !oSeli Then
	SayString ("Hakuna seli hapa")
	Return
EndIf
Let oKomenti = oSeli.Comment
If !oKomenti Then
	SayString ("Seli hii haina komenti")
	Return
EndIf
SayString (oKomenti.Text)
EndScript
```

Hatua tatu, maswali matatu. Unafungua Script Manager kwa Insert na 0 ya safu ya juu, na Control+S inahifadhi na kukusanya kwa pamoja. `Let` katika matoleo mapya si lazima. Mimi naiacha, inanisaidia kusikia mahali thamani inapoingia.

Kujaribu

Kwenye NVDA, simama juu ya kidude unachokitilia shaka na ubonyeze NVDA+Control+Z. Konsoli ya Python inafunguka ikiwa imeshashika `focus`, `nav` na `fg` kama zilivyokuwa wakati ule. Usiandike jina la kitu peke yake na kusubiri. Andika swali, kwa mfano `focus.simplePrevious is None`, ujibiwe True au False. F6 inakupeleka kwenye majibu.

Kisha jaribu pale ambapo skripti inapaswa kushindwa. Watu wengi hujaribu pale inapofaulu, wanafurahi, wanafunga. Mimi nina safari yangu ya kila mara nikibadilisha mstari wowote: nabonyeza kitufe kwenye sehemu ya kwanza ya fomu. Nabonyeza mizani ikiwa tupu, nasubiri nisikie sifuri. Namwomba mwenzangu achomoe waya wa mizani, nabonyeza. Namwomba abadilishe daraja la kahawa, dirisha lifungwe na kufunguka, nabonyeza wakati huo huo. Mwisho nahamia dirisha la faktire, ambako hakuna mizani wala uzito wa kupima, nabonyeza tena. Hapo nasikiliza neno moja tu, "haupo". Nikisikia namba yoyote, gunia linalofuata linasubiri mlangoni hadi nimefungua faili.